Bastola ya Bei Nafuu

Mimi natafuta bastola. Usishtuke, msomaji, wala usikimbilie kituo cha polisi. Ninayemtafutia hayupo duniani. Yumo ndani ya madaftari manne niliyoyaweka chini ya godoro langu, kazi yake karani mstaafu wa bandari ya Malindi, na tangu mfungo wa Ramadhani uliopita hanipi usingizi kwa kuidai silaha yake.

Nijieleze kwanza. Mie nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka yalivyotoka, na sasa mchana nauza makava ya simu katika kibanda cha mjomba wangu Darajani. Usiku naandika riwaya. Mjomba husema hii ni homa, siku itapoa. Mwaka wa pili huu, haijapoa.

Karani wangu ana umri wa miaka 68. Anakaa peke yake katika nyumba ya zamani Mkunazini, nyumba ya mawe na chokaa, boriti zimechoka na ngazi hulia kila ikikanyagwa. Kuna watu wanaitaka nyumba ile waifanye hoteli. Walimwendea kwa maneno matamu, hakuridhia. Sasa usiku mlango unagongwa, akifungua hamna mtu. Usiku wa nne anaamua kuwa na bastola. Lakini kiinua mgongo chake kilikwisha kwa matibabu ya marehemu mkewe, na pencheni haifiki mwisho wa mwezi. Basi si silaha yoyote tu itakayomfaa. Iwe ya bei anayoiweza, risasi yake iwe ndogo, mkono wake unaotetemeka uimudu, na iwe ni kitu ambacho kweli kingeweza kufika Unguja. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonichosha miguu na kichwa.

Tuna kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Hukutana Jumamosi alasiri Forodhani, kabla wachoma mishikaki hawajawasha makaa. Nilipowasomea sura ile mmoja akadakia, "Yakhe, mpe ile bapa, ya magazini, yenye kiwambo cha sauti. Mtu apigwe fyuu, aanguke, jirani asijue!" Wengine wakamuunga mkono, maana sote tumekulia kwenye sinema za namna hiyo.

Nikawaambia karani wangu hajapita jeshini. Bastola ya magazini ina mambo mengi: kuna kuchomeka, kuna kukoki, kuna kujua kama imebaki risasi ndani au haikubaki. Rivolva, yaani ile yenye silinda inayozunguka, haina makuu. Silinda ina matundu, mara nyingi matano au sita, na kila tundu lina risasi yake. Ukivuta kifyatulio silinda inageuka, tundu linakaa sawasawa na mtutu, nyundo inapiga. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, inakuja nyengine. Mtu anaweza kuiweka kabatini miaka, na siku akiitaka akaishika hivyo hivyo kwa woga wake.

Tena kwa sisi tunaoandika hadithi za upelelezi rivolva ina tabia yake. Haitupi maganda. Bastola ya magazini kila ikilia hutema ganda la risasi pembeni, mpelelezi akaja kuliokota chini ya kochi, ikawa amepata pa kuanzia. Rivolva maganda yake hubaki nayo tumboni mpaka mwenyewe ayatoe. Ama hicho kiwambo cha sauti ndiyo kabisa! Baina ya silinda na mtutu pana upenyo, na mlio hupitia hapo. Hata uifunge kiwambo cha namna gani, mtaa mzima utaamka. Kuna Nagant ya mwaka 1895 waliyokuwa nayo Warusi, ambayo silinda yake husogea mbele ikaziba upenyo ule. Sasa Nagant ya Warusi ije Mkunazini kwa jahazi gani? Wenzangu wakanyamaza, ingawa yule wa kiwambo aliguna.

Nikaja kwenye ukubwa wa risasi. Waingereza na Wamarekani huzihesabu kwa sehemu za inchi. Ile 38 ni kama milimita 9. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya askari: jeshi la Uingereza lilipokea rivolva ya Enfield ya 38 mwaka 1932, na Webley ya 38 ikaenea kwa polisi wa makoloni. Kwa hivyo Webley ingeweza kufika hapa, tena kwa mlango wa mbele. Lakini ni kitu kizito, cha mtu mwenye mkanda na buti. Nikashuka kwenye 32, kama milimita 8, unene wa penseli na ushei. Nikashuka tena kwenye 22, nyembamba kuliko penseli. Risasi za namna hii ni za zamani sana; rivolva ya kwanza ya Smith & Wesson ya mwaka 1857 ilikuwa ya 22. Bei yake ndogo, mlio wake si mkubwa, na haimpigi teke aliyeishika. Lakini asikudanganye mtu kwamba udogo wake ni mzaha. Inaua, na aliyeuawa kwa risasi nyembamba huzikwa kaburi la urefu ule ule.

Kisha nikasoma habari iliyonifanya nicheke peke yangu kibandani, mteja akadhani namcheka yeye. Mwishoni mwa karne ya 19, baiskeli zilipoanza kuenea Ufaransa, waendesha baiskeli walisumbuliwa na mbwa njiani. Mafundi wakawatengenezea rivolva ndogo ya mfukoni, yenye risasi kama ya 22, wakaiita Velo-Dog, yaani jina la baiskeli na jina la mbwa pamoja. Nyingi kifyatulio chake kilikunjwa na nyundo ilifichwa ndani, isinase kwenye nguo. Ubelgiji nako wakazitengeneza kwa wingi, za bei rahisi. Zilikuwapo hata risasi zilizotiwa pilipili, mbwa apige chafya aende zake. Nikasema hii ndiyo! Ndogo, rahisi, ya mtu wa kawaida, na ya kuchekesha kidogo, kama karani wangu mwenyewe alivyo. Nikaiandika kwa wino mwekundu pambizoni mwa daftari.

Aina nimepata. Sasa ataipata wapi?

Darajani utapata samaki, karafuu, kanga, redio na kava la simu ya aina yoyote, lakini duka la bastola mie sijapata kuliona. Na kwa sheria zetu silaha ya mtu binafsi hainunuliwi kama kilo ya mchele. Ina leseni, ina namba, ina jina la mwenyewe, na mwenye daftari ni polisi. Mwandishi akimpa mhusika bastola ya halali, basi mpelelezi atamjua mwenye bastola sura ile ile, riwaya imekwisha. Akimpa ya haramu, lazima awepo aliyemuuzia. Huyo muuzaji naye ni mtu, ana mama, ana deni, na ana wa nyuma yake aliyemletea yeye. Unadhani umechagua chuma, kumbe umeufungulia mlango ukoo mzima wa watu na wote wanataka kukaa ndani ya kitabu chako.

Nikaingia katika habari za kale, nikitafuta njia ambayo silaha zilipita. Nikakuta kwamba Unguja hii ilikuwa soko kubwa la bunduki. Katika karne ya 19 misafara ya Bara ilifungwa hapa na pwani ya mbele yetu: nguo, shanga, baruti na bunduki zikienda, pembe na watumwa wakirudi. Nyingi zilikuwa magobori, silaha zilizochakaa ambazo majeshi ya Ulaya hayakuzitaka tena. Tippu Tip, ambaye nyumba yake ipo mpaka leo Shangani, mwenyewe alilieleza jina lake kuwa limetokana na mlio wa bunduki zake. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliweka mkataba uliozuia biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini kufikia wakati huo zilizokwenda zilikuwa zimeshakwenda.

Halafu habari zikakaribia nyumbani, nikawa nasoma polepole. Juni 1961, ghasia za uchaguzi, watu 68 walikufa, na waliouawa hawakuuawa kwa bastola za mafundi wa Ubelgiji. Yalikuwa mapanga na marungu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 waliovamia kambi ya polisi ya Ziwani wengi walikwenda na mapanga, mikuki na pinde. Bunduki walizikuta huko huko ghalani, wakazichukua. Haya tumefundishwa skuli, tumeyaandika kwenye mtihani, tukapewa alama. Lakini ukimtafutia mtu silaha, hata mtu wa uongo, unayasoma kwa jicho jengine.

Nikawageukia wakubwa wa kazi yetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyepata zawadi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale katika mashindano ya mwaka 1957 hadi 1958, alimpa Bwana Msa kitu gani mkononi? Kiko. Bwana Msa anavuta kiko, anafikiri, anamuuliza Najum swali, na muuaji anapatikana. Wasomaji husema kiko kile kimetoka kwa Sherlock Holmes. Inawezekana, lakini Holmes alikuwa na Dakta Watson na rivolva yake ya jeshi, na hiyo haikupanda meli kuja Unguja. Tazama upande wa pili wa bahari: Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hao bastola ni kama saa ya mkononi. Nimewasoma wote kwa raha, baadhi ya nakala hazikuwa hata na jalada. Lakini nilianza kujiuliza kwa nini mzee wetu wa Makunduchi, mtu aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya akiingia majumba ya watu, akawa mhariri wa magazeti akisikia kila neno la mji, hakuona haja ya kumtia bastola mfukoni mpelelezi wake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1960. Kilichokuja baadaye yeye hakukijua, kama ambavyo hakuna aliyekijua. Ila mji wake aliujua.

Nikampelekea suala hili bibi yangu.

Bibi ndiye msomaji wangu wa kwanza, ingawa macho yake hayasomi tena. Mie husoma, yeye husikiliza huku akichambua mchele. Nikamsomea karani, mlango unaogongwa, nikafika kwenye Velo-Dog. Kwenye mbwa na pilipili alicheka mpaka akashika ubavu. Nikamuuliza, "Bibi, bastola kama hii ungesema inatoka wapi?"

Akaacha kuchambua. Akasema, "Umeitia ndani ya nyumba ya nani, mjukuu wangu?"

Nikamwambia, ya karani.

"Si hivyo. Nakuuliza waliomo ndani wanajua?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo aliponihadithia jambo ambalo katika miaka yangu ishirini na kitu sijapata kulisikia. Mwaka ule yeye alikuwa bi harusi, hajamaliza miezi mitatu ndani ya nyumba ya mumewe. Baba mkwe wake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali. Mzungu aliondoka karibu na uhuru wa Disemba 1963, na katika kusafisha nyumba mpishi akaikuta rivolva kwenye mtoto wa meza, imeachwa au imesahauliwa. Ilikuwa ndogo, inaingia ndani ya bweta la tambuu. Kwa nini aliichukua, Bibi hajui. Labda aliiona ni mali. Akawa akiipaka mafuta ya cherahani kila Ijumaa, na nyumba nzima ikijifanya haisikii harufu.

"Usiku ule milio ilianza," alisema Bibi, "kama kuni mbichi motoni. Baba kaketi nayo mapajani mpaka alfajiri. Mimi nikisema moyoni, sasa ataitumia. Kwa nani, sijui. Hata yeye hajui. Alfajiri akaniita, mimi mgeni wa nyumba, akaniambia, mwanangu, nishikie taa. Kaifunga kwenye kipande cha kanga. Tukenda kisimani. Nikasikia chubwi. Basi."

Nikauliza, halafu?

"Halafu nini? Tukateka maji tukapika chai. Wageni watakuja nyumba gani isiyo na maji? Kila siku tukiteka. Ndoo ikigonga kitu chini, ngo, kila mtu anatazama pengine."

Sikumuuliza baba mkwe alikuwa wa upande gani. Ukoo wetu una watu wa pande zote, na makaburi ya pande zote. Kisima kilifukiwa zamani, na juu yake siku hizi pamejengwa. Pamejengwa nini na mtaa gani, sisemi, nimeahidi.

Kwa sababu ahadi ilikuwapo. Nilimwomba ruhusa ya kukitia kisima kile ndani ya riwaya. Alinyamaza muda mrefu, mchele ukakaa kwenye ungo haukuguswa. Kisha akanipa masharti mawili. La kwanza ni hilo la mahali. La pili alilisema akinitazama, ingawa naambiwa hanioni vizuri.

"Baba alikuwa mwoga. Alitetemeka mpaka taa niliyoishika mimi ikatetemeka. Na woga wake ule ndio uliotufanya tukabaki. Mjomba wako asingezaliwa, mamako asingezaliwa, wewe usingekuja kunisumbua na madaftari yako. Sasa usije ukamfanya shujaa wa sinema. Mwache aogope."

Msomaji, mie nimesoma mafunzo ya uandishi kila nilipoyapata. Anton Chekhov wa Urusi aliwaasa waandishi kwamba bunduki ikitundikwa ukutani mwanzo wa mchezo, basi kabla ya mwisho lazima ilie. Ni fundisho zuri, na vitabu vingi vimeharibika kwa kutolijua. Lakini usiku ule nililala macho nikibishana naye. Bastola ya nyumba yetu haikulia hata mara moja. Ilisema chubwi, ikanyamaza. Na bado watu wa nyumba hiyo walikula, wakalala, wakaoa na kuolewa juu ya kimya chake kwa miaka sitini. Kama huo si mlio, basi mlio ni nini?

Baada ya hapo karani wangu aliniwia mwepesi. Nikahesabu: mtu wa miaka 68 leo, mwaka 1964 alikuwa mtoto. Mtoto anaweza kushika taa. Basi bastola hanunui tena, nimemwondolea gharama hiyo. Anayo tangu zamani, imo kisimani, chini ya ua wa nyumba ile ya Mkunazini. Na wale wanaotaka kujenga hoteli wamekuja na michoro: pale penye ua patachimbwa bwawa la kuogelea. Sasa nimejua kwa nini mzee hakubali kuuza, hata wampe fedha za kununua nyumba tatu. Majirani wanasema ni ukaidi, watoto wake walioko Muscat wanapiga simu kumgombeza, naye hawezi kumwambia mtu. Serikali hutangaza vipindi vya msamaha, wenye silaha zisizo halali wazisalimishe kwa hiari bila kushitakiwa. Karani anasikia tangazo redioni. Anajiuliza: unasalimishaje kitu kilichomo ndani ya maji tangu una umri wa miaka minane, na ukiulizwa ni cha nani, unamtaja baba yako?

Nimeiacha iwe Velo-Dog. Ni ya bei nafuu kuliko zote, imetengenezwa kwa ajili ya mbwa, na itakapotolewa itakuwa donge la kutu ambalo hata fundi wa cherahani hatalijua. Bahari yetu hailei chuma. Sufuria, mabati, bawaba za milango, vyote vinaliwa. Ila kipande cha kanga nimekibakisha. Nataka mtu atakayekifungua aone ua lililokuwa likivaliwa mwaka ule.

Wenzangu mnaoandika, sikukatazeni bastola. Wapeni wahusika wenu, ziwe 22 au 38, na mjue zinavyofanya kazi, maana msomaji wa leo hadanganyiki. Lakini katika visiwa hivi, kabla hujaamua ni ya aina gani na ni shilingi ngapi, kakae kwanza na aliye mkubwa nyumbani kwenu, umsikilize. Umsaidie na mchele, usikae bure.

Mie nimeshafika sura ya nane. Mafundi wameleta sururu na mzee ametoka na kiti chake, kaketi juu ya mfuniko wa kisima, anataka kahawa. Jumamosi nitawasomea wenzangu Forodhani. Yule wa kiwambo cha sauti najua atauliza, sasa nani anauawa? Jibu bado sina, lakini Bibi kashasema anataka kuwa wa kwanza kulijua.